Kemu moja, kemu mbili, na karatasi niliyotaka kuificha

Machakos, Jumapili, mwezi wa nane, 2006

Jua limetoka saa nane mchana, baada ya siku nne za manyunyu na ile baridi ya Agosti inayoingia mpaka ndani ya soksi. Vidole vinaniuma nikichapa. Bega la kushoto nalo linauma. Na bado nacheka peke yangu hapa mezani.

Nina furaha. Nimeona niandike hivyo kwanza kabla sijaanza kuungama.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwikali. Katikati ya wiki nakagua vyuma katika kiwanda kimoja Athi River, na wikendi napiga mishale. Klabu yetu ina watu tisa na tunakutana uwanjani nyuma ya kanisa, kule Katelembo. Wengi wetu tulikua tukiona uta wa mti umetundikwa nyumbani, kwa hivyo Mkamba akisema anapiga mishale hakuna anayeshangaa. Kinachowashangaza watu ni upinde wenyewe. Mbona uko na magurudumu, wanauliza.

Hayo magurudumu ndiyo kemu. Si duara kamili, yana umbo la yai. Ukivuta kamba yanazunguka, na ukifika mwisho wa kuvuta, ule uzito uliokuwa ukikutesa unapungua ghafla, unabaki kama robo tu. Hapo unasimama, unalenga, mkono hautetemeki. Raha yote iko hapo.

Mwezi wa nne niliuharibu upinde pekee wa namna hiyo tuliokuwa nao. Nilikuwa nawaonyesha wageni, nikavuta bila kuweka mshale, kifyatulio, kile kishikio cha kuachia kamba, kikateleza. Bila mshale wa kubeba ile nguvu, kamba iliruka kutoka kwenye kemu na mkono mmoja wa upinde ukapasuka kwa urefu. Hakuna aliyenigombeza.

Afadhali wangenigombeza.

Basi juzijuzi Daktari Ndunda, daktari wa mifugo aliyestaafu na anayekaa upande wa Konza, akatuambia kwamba anahamia ng'ambo kwa binti yake. Ana pinde mbili alizonunua huko, mmoja zamani akisoma na mwingine miaka mingi baadaye. Mmoja angeuacha kwa klabu na mwingine angeondoka nao. Tujaribu zote mbili kwa wiki mbili, tumwambie leo Jumapili ni upi tunataka, maana wiki hii anasafiri. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Mutua, akapendekeza kazi ya kuzijaribu nipewe mimi. Alisema mtu aliyevunja mmoja hatachezea mwingine. Watu wakacheka, mimi nikacheka nao, lakini usiku huo sikulala vizuri.

Upinde wa kwanza una kemu mbili, moja juu na nyingine chini, zinazofanana kama mapacha. Wa pili una kemu moja tu, chini. Juu kuna gurudumu la kawaida la duara ambalo kazi yake ni kuipitisha kamba.

Jumamosi ya kwanza nilizipanga zote mbili. Ule wa kemu mbili ulinila alasiri nzima. Lazima kemu ya juu na ya chini zifike mwisho pamoja. Moja ikitangulia hata kidogo, mkia wa mshale unasukumwa juu au chini. Ili uzirekebishe, unaubana upinde kwenye presi, unatoa kebo, ile kamba ya pembeni inayounganisha kemu, unaisokota mara moja au mbili, unarudisha, unavuta, na mwenzako anakuangalia kwa pembeni. Presi yetu ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea hapa mjini kutokana na jeki ya gari. Inafanya kazi, ila ina uzito wa mbuzi.

Halafu unapiga mshale ukipita kwenye karatasi. Mimi natumia kurasa za kalenda za zamani, nazibana kwenye fremu ya mbao. Mshale ulionyooka unaacha tundu dogo na mikato mitatu ya manyoya yake. Usionyooka unapasua.

Ule wa kemu moja nao ulinisumbua kwa namna yake. Kamba yake ni ndefu mno, na nilihangaika sana kupata mahali pa kushikiza mshale, kwa sababu mkia hausafiri sawasawa kama kwenye ule mwingine. Lakini nikishapata, basi. Nikaweka alama kwa kalamu.

Kisha nikazipiga zote mbili, na nikapenda.

Nilipenda ule wa kemu mbili. Mshale wake unatoka kama umetukanwa. Unaenda bapa, kwa hivyo hata ukikosea umbali kidogo bado unagonga karibu na ulipolenga. Siku hiyo mishale mitano kati ya sita iliingia kwenye manjano, lile duara la katikati ya shabaha, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Mwalimu Mutua alikuwa amesimama nyuma yangu na nilimsikia akivuta pumzi. Tuna mashindano Nairobi mwezi wa kumi. Sote wawili tulikuwa tumeshachagua moyoni, hata kama hakuna aliyesema.

Jana nikafanya kitu ambacho hufanywa na wakaguzi wa viwandani na watu wasiopenda starehe. Nilizifunga pinde zote mbili nyuma ya pikapu ya binamu yangu aliyekuwa anapeleka mbegu Katangi. Barabara ile mnaijua. Huku kwetu kulikuwa na manyunyu, huko jua linachoma, na pinde zilikaa kwenye joto na vumbi mpaka saa tisa. Tuliporudi nilienda uwanjani peke yangu, nikaweka karatasi.

Kemu moja: tundu dogo, mikato mitatu. Kamba ilikuwa imelegea kidogo lakini mshale ulipita palepale.

Kemu mbili: mpasuko mrefu kwenda juu, urefu wa kidole. Nikapiga tena. Tena. Ulikuwa uleule. Kebo moja ilikuwa imevutika kuliko mwenzake na kemu ya chini ikawa inatangulia. Hakuna aliyeigusa.

Sasa ndipo niungame. Niliikunja ile karatasi nikaitia ndani kabisa ya mfuko wa jaketi. Nikajiambia nitazirekebisha kemu asubuhi kabla watu hawajafika, na hakuna atakayejua. Niliutaka upinde ule. Niliitaka ile manjano tena, niko Nairobi, watu wakiangalia. Nilienda nayo nyumbani hivyo, nikala, nikaosha vyombo, karatasi ikiwa mfukoni.

Asubuhi kanisani ilinikwaruza kila nilipoketi.

Sikurekebisha chochote. Baada ya ibada nilienda uwanjani pamoja na Baba, ambaye aliomba tu kuongozana nami kwa sababu nyumbani kulimchosha. Daktari alishafika, na klabu yote. Mwalimu Mutua akaniuliza mbele ya watu nimeamua nini.

"Huu wa kemu mbili naupenda kuliko ule," nikasema. "Lakini umetoka kwenye laini wenyewe, kwa safari moja ya Katangi. Karatasi ni hii."

Aliichukua akaupima mpasuko kwa kidole. Akauliza kama pengine ni mkono wangu ndio uliokosea, na lilikuwa swali la haki. Nikampa upinde ajaribu. Alipiga mitatu kwenye karatasi mpya, ikapasuka vilevile, kwenda juu. Akachukua ule wa kemu moja akapiga mitatu. Matundu madogo.

Nikawaeleza yote. Kwamba ule wa kasi unamtaka mtu mmoja anayeujua, mwenye presi karibu, na sisi tuko tisa na presi moja isiyobebeka. Kwamba kwenye huu wa kemu moja kuna kipande kidogo unachosogeza kwa alenki, ile spana iliyopinda, ukarefusha au kufupisha mvuto wake kulingana na mkono wa yeyote kati yetu. Kwamba kwenye ule mwingine ingebidi kutafuta kemu nyingine kabisa. Nilisema pia kwamba niliificha karatasi jana. Sikupanga kusema hilo. Lilitoka tu.

Mwalimu Mutua aliikunja ile karatasi akaiweka ndani ya daftari la klabu. "Tunachukua wa kemu moja," akasema. "Na Mwikali ndiye atakayeutunza."

Nilitazama viatu vyangu ili wasione uso.

Daktari naye alikuwa anacheka chinichini. Akatuambia kwamba ule wa kemu mbili ulimsumbua miaka mingi, na ndiyo sababu akanunua huu mwingine. Hakutaka kutuchagulia. Lakini ni mke asiyeachika, akasema, na moyoni alikuwa akiomba tuuache aondoke nao.

Ningekomea hapo siku ingekuwa imetosha.

Baba alikuwa kwenye benchi wakati huo wote, akisikiliza. Zamani alikuwa mpigaji hodari, watu wa rika lake wananiambia. Lakini alianguka kutoka juu ya lori la mchanga nikiwa bado shuleni, bega likaharibika, na tangu hapo hajavuta uta. Anaweza kuanza kuvuta, hawezi kushikilia. Akainuka, akauliza kama anaweza kuushika ule tuliouchagua.

Tulilegeza boliti mpaka upinde ukawa mwepesi kuvuta. Nikasogeza kile kipande kwa alenki, kwa sababu mikono yake ni mifupi kuliko yangu. Nikamwekea mshale.

Alivuta polepole, uso umekunjamana, akisubiri maumivu pale yanapomsubiri kila siku. Kemu ikazunguka. Uzito ukaondoka.

Baba akageuza macho kwangu bila kugeuza kichwa. "Mwiitu, binti yangu, nimeuvunja?"

"Hapana, Baba. Ndivyo ulivyo. Lenga."

Akasimama hapo. Alisimama muda mrefu kuliko inavyohitajika kulenga kitu chochote, na hakuna aliyemharakisha. Mshale wa kwanza ulikwama ukingoni mwa shabaha. Akanyoosha mkono apewe mwingine, bila kuangalia anayempa. Aliyempa alikuwa Mwalimu Mutua. Mwenyekiti wetu, mtu aliyekosa upinde wa ndoto zake nusu saa iliyopita, alikuwa anaenda na kurudi akimng'olea Baba mishale.

Wa saba uliingia kwenye manjano. Baba alipangusa pua kwa mgongo wa mkono akaomba wa nane.

Tukirudi aliniuliza tunakutana siku gani. Nikamwambia Jumamosi na Jumapili. Akasema nisihangaike kumpitia, atatembea mwenyewe, atafika mapema.

Mimi ndiye mtunzaji wa upinde, imeandikwa kwenye daftari. Lakini nikifika Jumamosi nimkute Baba ameshasimama kwenye mstari, nitapata wapi uso wa kumwomba zamu?