Breki Mpya na Kibuyu cha Uji

Kinoti, nimeisha!

Unajua breki za ile gari yangu kuukuu ya spoti, lazima ukanyage na nguvu zote ndio zishike? Jana fundi wa Timau aliweka diski kubwa na pedi mpya. Mguu wangu nao hakuna mtu aliuambia.

Leo napeleka kibuyu cha uji wa posa kwa kina Purity. Nikapata babake hapo Kiirua, nikambeba. Akasema uji wa posa hauwekwi chini, akakipakata mwenyewe.

Tukafika kwa bampu ya barabara, nikakanyaga breki vile nimezoea.

Gari ikasimama PAPO HAPO! Papo hapo, Kinoti! Uji wote kwa mzee. Kofia, masharubu, suti ya kanisa!

Akajipangusa polepole, akalamba kidole.

"Uji nimepokea," akasema. "Sasa wewe utamwambia mamake Purity mbona kibuyu kimefika kitupu."