Mama Alipiga Jikoni, Akapokea Mkwewe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijashika bisibisi, maana nikishaishika sijui nitafungua nini na nitafunga nini, na nyumbani kwangu sasa hivi hakuna anayecheka.

Mimi ni mwanamke, ni fundi wa simu za ofisini, zile za mezani za kidijitali za zamani, zenye vitufe pembeni na kioo kidogo kinachoandika nani anapiga. Siku hizi nazing'oa kuliko ninavyozifunga, maana ofisi zinahamia kwenye simu za kompyuta, na mwaka huu niliitwa kung'oa mtambo wa simu katika ofisi ambayo mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa opareta wa swichibodi, wa kupokea simu zote na kuziunganisha, tangu mimi nikiwa mtoto, yaani ni kama nilitumwa nikamfungie mama duka lake. Mtambo ulipoondoka naye akastaafu, tukamleta kwetu kwa sababu baba alishatangulia na hatukutaka akae peke yake. Alikuja na begi la nguo na ile simu yake kubwa ya swichibodi, safu kwa safu za vitufe na vitaa, aliyopewa na ofisi kama zawadi ya kumuaga, akaiweka sebuleni, akainua mkono wa simu, akasikiliza, akaniuliza, "Imekufa?" Nikamwambia haijafa mama, ila simu hizi haziongei zenyewe, zinataka mtambo wake ukutani, bila mtambo ni plastiki tu. Akacheka, akasema, "Basi tuko wawili."

Mshauri, mama alikuwa anaisha. Ukimuuliza atakula nini anasema chochote, ukimuuliza ameamkaje anasema salama, halafu anakaa na mikono mapajani mpaka jioni. Nilishindwa kuvumilia. Mtambo ulikuwa bado uko kwenye karakana yangu, ofisi ilisema ni chuma chakavu niutupe ninapotaka, basi nikaufunga ukutani pale kwenye ujia, nikavuta nyaya, nikaweka simu jikoni, chumba cha watoto, karakana na chumbani kwetu, zote zinapita kwa mama sebuleni. Weee! Mama akafufuka. Asubuhi anavaa vizuri, miwani shingoni, anakaa kwenye kiti chake, na watoto hawamwachi apumzike. "Bibi, niunganishe na jikoni, tunataka kujua kama chakula kimeiva." "Jikoni kuna mtu anaongea, mpendwa, subiri kwenye laini." Na jikoni hakuna anayeongea na yeyote, ni mimi tu nakatakata vitunguu, ila anapenda wasubiri kidogo, anasema ndivyo kazi ilivyo.

Shida ni mume wangu. Ni dereva wa lori, akirudi safari analala mchana, na chumbani simu inalia. Mama anampigia kumuuliza kama ameamka, kumwambia kuna mgeni, kumuunganisha na mtoto anayetaka kumsalimia baba yake. Na mume wangu ana heshima, akisikia sauti ya mama mkwe anasimama wima kando ya kitanda na kaptula yake, macho yamefumba, "Shikamoo, mama." Mwanzoni tulicheka mpaka tukashika mbavu. Baadaye yeye akaacha kucheka, akaniambia, "Mke wangu, mama nampenda, lakini mimi nilioa, sikuajiriwa ofisini. Ondoa hii kitu." Nikamjibu vibaya, nikamwambia mama akirudi kukaa na mikono mapajani utamlisha wewe kwa kijiko, tukanuniana.

Basi nikajifanya mjanja. Simu hizi, mshauri, namba haimo ndani ya simu, imo kwenye waya unaotoka kwenye mtambo, ukiuhamisha waya na namba inahama nao. Nikafungua mtambo, nikachukua waya wa chumbani na waya wa jikoni nikabadilishanisha huu na ule, nia yangu mama akibonyeza "Chumbani" ilie jikoni niliko mimi, nipokee mimi kama vile niko chumbani, mwenzangu alale, na mama asijue wala asiumie. Nikajipongeza. Nilichosahau, mimi fundi mzima na mkanda wa vifaa kiunoni, ni kwamba ukibadilisha umebadilisha kotekote, sasa akibonyeza "Jikoni" inalia chumbani.

Jumapili mchana mimi niko jikoni, mama akanipigia mimi. Ikalia chumbani. Mume wangu akapokea, na kabla hajafungua mdomo kusalimia mama akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usijibu, nisikilize tu, nisije nikashindwa kusema. Namwona mumeo amechoka na mimi, na ana haki. Ukitaka kuung'oa mtambo huu ung'oe, sitanuna. Ila usiung'oe nikiwa nimekaa hapa. Ngoja nikiwa nimelala." Akakata.

Mume wangu alinijia jikoni amenywea, akanieleza neno kwa neno. Tangu siku hiyo hasemi ondoa, hasemi acha, nikimuuliza ananijibu "fanya unavyoona", anamkwepa mama hata mezani, na chakula anakigusagusa tu. Mama naye amepunguza kupiga, anakaa pale kwenye swichibodi, ananiangalia sana nikipita, na mimi napita haraka nisije nikamlilia. Nimebaki katikati, mshauri. Niung'oe mtambo niokoe ndoa, au niuache niokoe mama? Nijibu hata kwa ukali, nitavumilia.

Fundi niliyechanganya nyaya

*

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wangu, pole. Pole sana, na umeomba ukali mwenyewe, kwa hiyo tulia.

Umenieleza habari za nyaya vizuri mpaka nimeelewa, mimi nisiyejua hata kubadilisha balbu. Lakini kuna simu moja hukuifuata mpaka ilikoishia. Mama yako alimpigia mtoto wake. Akamwambia jambo ambalo lazima alilizungusha kichwani siku kadhaa kabla ya kupata nguvu ya kulisema. Akakata akiamini mtoto wake amesikia. Habari za ujanja wako hazijui! Kwake yeye aliyepokea ni wewe. Wewe ndiye uliyesikia akikuomba usiung'oe mbele ya macho yake, na tangu hapo hujasema lolote, na ukifika karibu naye unakaza mwendo. Unaniambia anakuangalia sana, kama vile hujui kwa nini. Anangoja jibu, mwanangu. Na kila akienda kulala anajiuliza kama leo ndiyo leo.

Hilo ndilo la haraka nyumbani kwako. Mtambo kubaki au kuondoka ni la baadaye, na wala si gumu kama unavyolifanya.

Sasa mumeo. Najua ulitarajia nimseme, na mdomo ulishaanza kuniwasha. Lakini mtu mwenye roho mbaya angekuja jikoni na kukwambia, "Umeona? Hata mwenyewe amekubali." Wako amekuletea maneno ya mama yako yote bila kupunguza hata moja, na sasa chakula hakipiti. Huyo amemhurumia mama yako mpaka akaona aibu, na aibu ikimshika hajui aiweke wapi, ndiyo maana anakimbia. Mwambie kwa upole kwamba kila akimkwepa mama anamhakikishia kwamba kweli amemchoka. Asiandae hotuba, hazijui na hazihitajiki. Avute kiti, akae pale kwenye swichibodi, anywe chai na mama mkwe wake, amuulize habari za kazi ya zamani. Mama ataongea, yeye atikise kichwa. Dereva wa safari ndefu amezoea kukaa kwa muda mrefu, hilo halitamshinda.

Na usingizi ni haki yake, hata ukinikasirikia. Mtu anayeendesha lori akiwa amechoka, siku moja utakosa wa kununiana naye. Simu ya chumbani itoke leo. Lakini itoke mchana kweupe, mama akiwa macho, na umwambie wazi kwamba baba watoto anahitaji kulala, kwa hiyo chumbani hakupokelewi simu tena. Unaogopa atavunjika? Huyu ni mtu aliyetumia maisha yake ya kazi kuwaambia watu wenye hasira kwamba mkubwa hapatikani. Ataelewa kuliko unavyomdhania, na pengine ataanza kuwakemea watoto kabla yako wasimsumbue baba yao. Wewe unambeba mama yako kama yai, fundi. Kumfungia ule mtambo lilikuwa jambo zuri mno, nilisoma nikaweka barua yako chini nikafuta macho, lakini ukaliharibu pale ulipoanza kumdanganya ili asiumie. Ameumia hivyo hivyo, tena peke yake.

Simu nyingine zote ziache zilivyo. Watoto wasubiri kwenye laini, hakuna mtoto aliyekufa kwa kusubiri kwenye laini. Siku ya kuuzima mtambo huo ipo, na pengine atakuambia mwenyewe kwamba amechoka na makelele yenu. Mpaka hapo, hiyo ni kazi yake na isimamiwe na yeye.

Ila fanya haraka, tafadhali. Gazeti hili linafika kila mahali, na mtu aliyekaa kwenye swichibodi ya ofisi miaka yote hiyo lazima ni msomaji wa magazeti. Akijikuta humu kabla hujamfikia, mimi na wewe tutakuwa na kesi moja, na sitakutetea.

Kwa hiyo weka gazeti chini. Nenda kwenye mtambo urudishe nyaya mahali pake, kisha uvute kiti ukae mbele yake, si jikoni, si kwa simu, mbele yake. Mweleze ulichofanya, na nani alipokea Jumapili ile. Ataona aibu, atacheka, au atalia, mwache afanye lolote kati ya hayo. Usijitetee kwamba mumeo alikusimulia neno kwa neno, na usiharakishe kumtuliza. Mshike mikono, umwambie, "Mama, mimi sikukusikia. Niambie tena."