Baba Amerudi Kwenye Safu

Ijumaa, Mkunya. Ukungu umechelewa kuondoka leo. Asubuhi yote mikorosho ya ng'ambo ya barabara ilikuwa haionekani, na mimi nilikaa kizingitini na kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Leo Baba amesali msikitini.

Niandike vizuri, maana mwenyewe ameniruhusu. Baba yangu alikuwa na busha, kwa miaka mingi. Huku kwetu kusini si ugonjwa mgeni, ila wanaume hawautaji, na watoto wao ndiyo kabisa. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Masasi mjini, na kila Idi namshonea Baba kanzu. Kila mwaka niliiongeza upana kidogo. Yeye hakuomba, mimi sikuuliza. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote kuhusu maradhi yake.

Kwanza aliacha baiskeli. Halafu akaacha msikiti, kwa kuwa hakuweza tena kusujudu, na hakutaka kuonekana hawezi. Akawa anasali chumbani, ameketi kitandani.

Mwaka jana zikaanza homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Nikamkodia gari tukashuka naye hospitali. Pale dirishani waliuliza kama ana bima. Hana. Sisi ni watu wa korosho. Hela huja na msimu na huondoka na msimu, na kadi ya bima ilikuwa jambo la mwakani, kila mwaka. Walimtibu homa, wakatueleza kwa upole kwamba upasuaji unalipiwa kabla. Tulirudi tena baada ya miezi kadhaa. Jibu lilikuwa lile lile, maana na mfuko wetu ulikuwa ule ule.

Siku hiyo daktari aliniita pembeni akasema homa zile zikiendelea kumrudia, iko moja itakayomchukua. Sikumwambia Baba. Nadhani alijua.

Kisha likapita gari la matangazo. Madaktari wanakuja Newala, watapasua mabusha bila malipo, aliye tayari atapandia gari pale kwenye ofisi ya kijiji. Kipaza sauti kilisikika mpaka mashambani. Baba aliinuka barazani akaingia ndani.

Mama alinipigia simu kunieleza, na kesho yake nilipanda kutoka Masasi kuja kumbembeleza. Hakutaka kusikia.

"Nikipanda gari lile, kijiji kizima kitajua."

Mama alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua kichwa.

"Kijiji kizima kinajua, Baba Shaibu. Ni wewe peke yako unayejificha."

Baba alibaki anautazama ungo wa Mama. Niliogopa amekasirika. Kisha akaomba maji ya kuoga.

Kule Newala nilitegemea kukuta wagonjwa wachache wameinamisha vichwa. Nilikuta baraza ya hospitali imejaa wanaume. Wametoka Lukuledi, wametoka Chiwata, wengine wametoka vijiji vya bondeni ambavyo sijawahi hata kufika. Wazee, na wengine wadogo kuliko mimi. Na wote wamekaa mkao mmoja: miguu mbali, kiuno kimeegemea upande, nguo imekunjwa katikati kwa mkono wa kushoto.

Maisha yangu yote nilidhani ule ni mkao wa Baba.

Nilisimama pale nikashindwa kusogea. Walikuwa kimya, kila mmoja anatazama sakafu. Aliyevunja ukimya ni katekista mmoja wa Chiwata, mzee mwenye sauti ya taratibu, aliyekaa jirani na Baba.

"Jamani," alisema, "mimi nilijua Mungu amenipa mimi tu."

Mmoja akachekea puani. Halafu mwingine. Halafu baraza yote, na Baba naye, anacheka huku anafuta machozi na pindo la kanzu. Wakaanza kusimuliana. Huyu aliacha kucheza ngoma. Yule alihamia kulala chumba cha peke yake. Katekista alisema aliacha kusimama mbele ya kanisa, akawa anasingizia macho. Baba akaeleza habari za baiskeli, na za kusali kitandani. Sijawahi kumsikia akizungumza maneno mengi kiasi kile, na alikuwa anawaambia watu asiowajua.

Nesi alipokuja kumchukua alimwamkia shikamoo, akamshika mkono, akatembea mwendo wa Baba, si mwendo wake. Walimchoma sindano ya mgongoni, akawa macho wakati wote. Aliniambia baadaye kwamba madaktari walizungumza habari za mpira huku wanamkata. Jambo lililomfungia maisha yake yote, wenzake wanalimaliza huku wanabishana nani alistahili penalti.

Wiki hii amepewa ruhusa ya kufanya kila kitu isipokuwa kubeba mizigo. Na leo adhana ilipotoka alikuwa tayari amesimama mlangoni.

Watu walimpisha kwenye safu. Nilisimama kushoto kwake. Tulipokwenda sijida nilisikia magoti yake yakilia, kisha nikaona paji lake la uso limegusa mkeka, na mgongo wake umekaa sawa kama wa kijana. Mwenyezi Mungu anisamehe, sikumbuki nilisoma nini.

Tulipotoka, mwanaume mmoja alimvuta Baba nyuma ya msikiti. Walizungumza kwa sauti ya chini. Niliuona mkono wa kushoto wa yule bwana umeshika kanzu katikati, nikageuza uso. Baba aliporudi aliniambia niandike. "Wako wengi," alisema.

Nafurahi mpaka naogopa. Lile gari lisingepita, leo ningekuwa naandika nini? Na yule bwana wa nyuma ya msikiti atangoja gari gani, ikiwa naye hana kadi kama sisi? Korosho za msimu huu, cha kwanza ni bima ya Baba na Mama. Nimeandika hapa ili nikose pa kukimbilia.

Jua linaelekea kuzama. Baba yuko uani, anatembea toka jikoni mpaka kwenye migomba na kurudi. Mama amemwambia apumzike, mara mbili. Haendi popote. Anatembea tu.