Ndege Uliyoisubiri Minjila

Baba,

Nimekukasirikia. Tangu tukuzike watu wanakusifu tu, kana kwamba hukuwa na kichwa kigumu. Mjomba alileta mtumbwi mpaka mlangoni, maji yakiwa magotini. Mama akapanda, wewe ukakataa. Ukamwambia, "Mimi nina rubani. Atanifuata na ndege." Mjomba aliporudi kesho yake hakukuta nyumba. Mwili wako ulionekana siku ya nne, mbali huko mto unakoteremkia.

Basi sikiliza. Sikuwa na ndege ya kukufuata. Tulipovishwa mabawa ya urubani, wenzangu walipelekwa vikosini, na wengine ndio hao waliokuja Garsen na helikopta kuwadondoshea unga wakati wa Elnino. Mimi nikaambiwa nibaki palepale chuoni, nifundishe. Juzi mwanafunzi, leo mwalimu wa makadeti wa rika langu! Ndege ndogo ya watu wawili, tunapaa, tunazunguka, tunatua tulipotoka. Niliona aibu, nikakuandikia kwamba napeleka mizigo popote penye shida. Uongo mtupu. Nawe ukampa kila ajuaye kusoma akusomee, mpaka barua ikachanika kwenye mikunjo. Hayo Mama kanieleza baada ya maziko.

Mafuriko haya yalipotangazwa niliomba ruhusa mara mbili. Mkubwa wangu akasema mafunzo hayasimami kwa sababu ya mvua ya Tana. Ya Tana! Siku ile unanisubiri, mimi nilikuwa namfanya kadeti mmoja arudie kutua, mara tisa, kwenye lami kavu. Sijui nimkasirikie nani: yeye, wewe au mimi mwenyewe.

Na kinachonichoma zaidi, kazi niliyokuficha ni yako. Uliponifundisha kusukuma mtumbwi kwa upondo, ulikaa nyuma yangu kimya, mkono karibu na upondo lakini huugusi. Nikienda mrama unasema tu, "Uache mto ukuonyeshe." Sasa na mimi nakaa hivyo, kiti cha nyuma, mkono karibu na usukani. Wiki jana kadeti aliinua pua ya ndege kupita kiasi. Nilivuta pumzi mbili, akaishusha mwenyewe. Tuliposhuka akaniuliza nani alinifundisha kunyamaza vile. Nikaenda kulia chooni.

Ungejua ukweli ungejivuna, nakujua. Na ungepanda mtumbwi, Baba. Ungepanda na Mama.

Yeye nimemwambia yote. Akaniambia nile, chakula kinapoa.

Sasa pumzika, mzee wangu. Nikipata likizo nakuja nyumbani Minjila. Nitawakusanya wote waliosomewa barua ile, niwasomee hii, wasikie kwamba hukubaki kwa ujinga, uliliamini neno la mwanao. Wakinitemea mate, sawa, nitasimama hapohapo mpaka niimalize.

Mwanao,
mwalimu.