Kuhusu Huyo Bilali Unayeniuliza

Kunduchi, Dar es Salaam

Dada Kabula,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na kabla sijakuuliza hali yako nataka ujue unasoma barua ya mtu gani. Huku pwani, boti ya kuvulia jodari haiwashwi injini mpaka Mihayo aseme imetimia. Nahodha anaweza kuwa tayari, wageni wakawa wameshavaa kofia na kujipaka mafuta ya jua, bahari nayo ikawa imetulia kama uji uliopoa, lakini kama mimi sijaitikia kwa kichwa, haondoki mtu. Siku nikishikwa na mafua, jodari wanapumzika. Sijisifu, ndio utaratibu wa kazi ulivyo.

Sasa hali. Goti lako linaendeleaje na baridi za asubuhi? Na lile paa la jiko, shemeji amelishughulikia, au bado yuko Usoke anabembeleza tumbaku yake kama mtoto mchanga? Juzi niliota umesimama mlangoni unaniita, nikaamka nimekukumbuka mpaka chai ikapoa mezani.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua mtu mwenye simu mfukoni. Dada, simu yako si yako. Nikipiga anapokea mwanao Maganga, na hata ukiongea wewe anaweka sauti ya nje pale kibandani kwake, wateja wote waliokuja kutengenezewa simu Kanyenye wanasikiliza mambo ya ukoo wetu. Ujumbe nao anakusomea yeye. Na ulichoniuliza kinamhusu yeye. Ndiyo maana barua hii nampa Mama Nyamizi, yule muuza asali, anayerudi kwa treni na ndoo zake tupu. Isome ukiwa peke yako.

Umeniuliza hivi: Maganga anataka kuacha kibanda aje huku kujifunza kazi kwa Bilali, je, huyo Bilali ni mtu wa kumkabidhi mtoto? Nitakujibu. Lakini kwanza uielewe kazi yenyewe, maana Maganga ameiona kwenye simu tu, na kwenye simu kila kitu kina muziki.

Wageni wetu wanavua kwa starehe. Hawana njaa, nyumbani kwao friji zimejaa. Wanakuja kutafuta samaki wa kuwachosha. Boti inakwenda mbali, mpaka Fungu Kizimkazi, mwamba ulioko katikati ya bahari, hauna hata mti, una ndege tu na harufu yao. Pembeni yake maji yana kina ambacho hata ukidondosha sufuria leo, wajukuu zako ndio watasikia imefika. Hapo ndipo jodari wanapopita. Kwa kuwa safari inaanza kabla ya adhana, kila kitu kinaandaliwa jana yake, na jana yake ni mimi.

Asubuhi naangalia hali ya hewa kwenye simu, kisha naiangalia kwa macho yangu, kisha namwambia nahodha kile ambacho simu imesema. Halafu barafu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Jodari ana damu ya moto, si kama samaki wengine. Ukimtoa majini unamhisi joto kama mbuzi aliyechinjwa sasa hivi, na usipompoza upesi nyama inaharibikia kwa ndani, inakuwa na rangi ya ugali wa muhogo. Basi mimi chini ya deli, lile sanduku la kupozea samaki, napanga mabonge, juu namwaga barafu ya kusagwa, natia na maji ya chumvi kiasi. Mgeni mmoja, daktari wa meno, aliniambia deli langu linaweza kuhifadhi maiti mpaka ndugu wafike kutoka Kigoma. Daktari huyo.

Kisha rodi, zile fimbo za kuvulia, na rili, ile mashine ya kukunjia mshipi. Mshipi naupitisha kati ya vidole kutafuta palipokwaruzika. Ndoana nainoa mpaka ikwame kwenye ukucha. Ngisi wa plastiki wa kumdanganyia jodari nawaosha kwa sabuni, nawapanga kwa rangi kama kanga dukani. Mwisho kabisa, mshipi mkuu unaungwa na kamba ya mbele, ngumu, inayopitisha mwanga kama kioo, kwa sababu jodari ana macho makali na akiuona mshipi anageuza. Fundo la kuunga hizo mbili ndilo shingo ya safari nzima.

Na ndizi. Dada, usicheke. Watu hawa wamesoma mpaka vyuo vya ng'ambo, lakini ndizi ikiingia kwenye boti wanasema samaki wote wanakimbia. Mimi sikuwacheka, maana babu zetu nao walipokwenda porini kulina asali walikuwa na miko yao, huwezi kwenda umegombana na mkeo. Kwa hiyo ukaguzi wa mifuko ni kazi yangu. Yule daktari wa meno nilimkuta na kichane kizima. Nilikitwaa kwa niaba ya bahari, nikakila nyuma ya banda.

Matunda ya maandalizi hayo umeshayasikia, lakini nirudie. Kuna jodari tuliyempata siku moja akatuvuta na boti yetu, injini imezimwa, tukapita Unguja, tukapita Pemba, mpaka tukaona taa za watu wa Mombasa wanakula futari wakatupungia mikono. Sikuongezei chumvi, bahari yenyewe inayo ya kutosha.

Sasa Bilali, huyo anayekwenda majini na wageni kuwaonyesha kuvua. Ni mtu wa Ujiji. Ningeweza kuishia hapo na ungenielewa. Babu zetu ndio waliobeba mizigo kwa mabega toka Tabora mpaka pwani na kurudi. Wa Ujiji walikaa ziwani wanakula migebuka wakingoja mzigo ufike. Mpaka leo ni hivyo hivyo, mimi nabeba barafu, yeye anangoja samaki. Aliajiriwa nyuma yangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha choo kilipo. Ananiita Mpagazi, nami namwita Mla Mawese, utani wa kawaida tu, ila utani wake watu wanaucheka zaidi.

Wageni wakishuka kwenye magari hawaulizi boti iko wapi. Wanauliza Bilali yuko wapi, kama watoto waliotoka shule wanavyomuulizia mama yao. Wamemletea kofia iliyoshonwa jina lake. Mimi nililetewa shati, zuri tu, lakini limeandikwa jina la mashindano ya gofu. Hata paka wa gatini niliyemlea mwenyewe kwa vichwa vya samaki, siku hizi analala juu ya ndala za Bilali.

Na hizo video zake anazoziweka mtandaoni. Anasimama na jodari kifuani, nyuma maji ya bluu, anaeleza kama mwalimu mkuu. Itazame vizuri ile anayoipenda Maganga. Upande wa kushoto kuna mkono umeshika ndoo. Ule mkono ni wangu.

Majuzi Maganga ameniandikia: "Mjomba, naomba umwambie Fundi Bilali anionyeshe taratibu lile fundo la kuunga mishipi miwili." Fundi Bilali. Dada, nani alimfundisha Maganga baiskeli, nikikimbia nyuma nimeshika tandiko mpaka ndala ikakatika? Nani alimfundisha kupuliza moshi kwenye mzinga asiumwe na nyuki? Mimi hajaniita Fundi hata kwa bahati mbaya. Nilipousoma ule ujumbe nilizima simu. Nikaiwasha, nikausoma tena.

Halafu kuna jambo la papa. Najua limeshakufikia, kwa sababu aliyelipeleka Tabora ni Imtiazi, mtoto wa mwenye duka la vyombo pale Kanyenye, na habari ikiingia duka lile inatokea Urambo. Imtiazi alikuja kuvua na shemeji zake. Aliposikia lafudhi yangu akaniamkia kwa lugha ya kwetu, "mwangaluka", mbele ya wote, akang'ang'ania niende nao majini, hawezi kwenda baharini bila mtu wa nyumbani. Kwa kawaida mimi nabaki gatini kusimamia. Nikapanda. Rodi yake niliifunga mimi mwenyewe, fundo na yote, kwa heshima ya Tabora.

Tulipofika Fungu tukawakuta ndege wamejaa juu ya maji kama kwelea kwenye mtama, na hatujazunguka sana rili ya Imtiazi ikalia. Yule jodari alijigeuza mara moja karibu na uso wa maji tukamwona ubavu. Ndama, Dada. Imtiazi alivutana naye, mara anamwita Mungu, mara anamwita mama yake. Akamleta. Samaki ameshafika chini ya boti, nahodha ameinama na kulabu, mshipi ukalegea. Basi. Papa amekata. Imtiazi akakaa chini akalia, mtu mzima mwenye watoto. Maoni yangu ni kwamba Bilali alikuwa anapiga kelele mno, anamshangilia kama mtangazaji wa mpira, na papa naye ana masikio.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: Maganga abaki na simu zake. Akiitaka bahari, asubiri mpaka mimi nipate nafasi ya kumfundisha mwenyewe. Bilali ni mtu wa kofia na kelele, hawezi kulea mtoto wa watu.

Nisalimie shemeji akirudi kutoka Usoke, mwambie tumbaku haijawahi kumpikia mtu chakula, arudi aezeke jiko. Wifi yako kule Igalula mwambie kile kitenge nimeshakiona dukani, bado kupatana bei tu. Mama mdogo anayeimba kwaya ya Moraviani mwambie nampigia magoti, aniweke kwenye sala za wanaosafiri. Katekista jirani yako mwambie jembe lake bado nalikumbuka. Na Maganga msalimie kama mtu asiyejua kitu.

Ni mimi mdogo wako anayekuheshimu,

Mihayo

Dada, nilikuwa nimeshaikunja. Mama Nyamizi amesema treni bado, amekwenda kununua mikate, na mimi nimebaki hapa stesheni na barua mkononi kama mtu aliyeshika kitu cha wizi. Nimeifungua tena.

Hapakuwa na papa. Papa akikata mshipi, ncha inarudi imenyooka. Fundo likifunguka lenyewe, ncha inarudi imejisokota kama mkia wa nguruwe, na kila mtu wa kazi hii akiuona mkia ule anajua atafute nani alifunga. Ncha ya Imtiazi ilirudi na mkia. Bilali aliidaka kabla nahodha hajageuka. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akaitia mdomoni, akauuma ule mkia, akautema baharini. Kisha akamwekea Imtiazi mkono begani, akasema, "Papa huyo, kaka. Kakata kama mkasi." Alisema kwa huzuni, ungeapa amemwona.

Nilingoja anicheke tukifika nchi kavu. Nilishaandaa na maneno ya kumrudishia. Alisubiri mpaka tulipokuwa tunaosha deli, tuko wawili tu.

"Mpagazi," akasema, "mafundo niachie mimi. Wewe una mizigo mingi."

Nikamwambia kwani nani amemuuliza, Mla Mawese yeye. Akacheka, akaendelea kusugua. Tangu siku ile mimi nafunga rodi zote mbele ya watu kama kawaida yangu, na nikiondoka yeye anazifungua na kuzifunga upya. Hajamwambia nahodha. Hajamwambia mgeni. Kwenye video zake anasema boti yetu huandaliwa na mzee mmoja wa Tabora, hatari. Angenitangaza, ningemchukia kwa raha. Hivi anavyofanya, chuki yangu inakosa pa kukaa, na bado ninayo.

Ulitaka kujua kama ni mtu wa kumkabidhi mtoto. Mruhusu aje. Alale kwangu, ale kwangu, kazi ajifunze kwa Bilali.

Na akija, mnunulie pale sokoni miwani ya kusomea, umpe aniletee. Macho yangu ya karibu yamekwisha, Dada. Ule mshipi siuoni, naufunga kwa kupapasa, na hata barua hii nimeiandika nimenyoosha mkono kama naifukuza. Huku siwezi kuinunua, gati zima litajua. Aifiche katikati ya nguo zake, na mtu akimuuliza aseme ni yake.