Picha ya Kilimia

Timbwani, Likoni,
21 Februari, 1943.

Mpendwa Mjomba Thoya,

Shikamoo Mjomba. U hali gani huko Kisumu, na kile kifua je, kimepoa? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu hautulii. Barua hii anakuletea jirani yetu Mwikali, maana za posta siku hizi hufunguliwa.

Mjomba, kaka yangu Karisa yuko ndani tangu Alhamisi. Sababu ni ile kamera uliyompa. Tangu tuamriwe kuzima taa kwa ajili ya vita, nyota zimekuwa nyingi ajabu, naye akashikwa na hamu ya kuzipiga picha. Akaiweka kamera juu ya kinu uani, akaiacha wazi muda mrefu, nyota zikatoka nyuzi nyuzi. Nakala moja alikutumia wewe. Ya pili askari waliikuta mfukoni mwake pale kivukoni.

Nyuma ameandika: Kilimia, Februari 3, usiku, saa 2 mpaka saa 4. Na usiku huohuo, saa nane, yaani mbili ya Kizungu, taa ilionekana huku kwetu ikimulika baharini. Wanasema ni Karisa, alikuwa akimwashiria adui.

Nilimweleza bwana wa polisi kwamba saa mbili yetu ni wakati wa chakula cha usiku. Akaniambia, "Ndugu yako ni karani wa bandari. Kutwa huandika saa za Kizungu." Naogopa, Mjomba. Kwa neno hili watu hunyongwa.

Usiku ule mimi nililala mapema, sikuona kitu. Lakini wewe ndiwe uliyetufundisha kukitazama Kilimia, kile kishada cha nyota sita, kwa ajili ya kupanda. Mwezi huu, ikifika saa saba, kimekwisha kuzama. Juzi niliamka nikahakikisha. Saa nane angekipigaje picha?

Ila mimi nimeonyeshwa maandishi tu, picha yenyewe sijaiona. Tafadhali itazame yako. Ukiona nyuzi sita ndogo zimebanana pamoja, panda gari la moshi uje nayo kabla ya Ijumaa, siku ya kesi. Wewe mtu mzima watakusikiliza.

Usipoziona, ichome, wala usinijibu. Mama asijue kamwe kwamba nilikuuliza.

Nisalimie Mkaza-mjomba Mbeyu na mwanao Kitsao. Mungu awafunike kwa mkono wake, na sisi asitusahau.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Kahaso