Maua ya Nyayoni

Jumatatu, 6 Oktoba
Mbio tena baada ya alfajiri. Pekupeku kutoka kwetu Likoni hadi Mtongwe na kurudi, maana siku ya usajili wa jeshi hatutavaa viatu. Kokoto zimeanza kunizoea. Manowari zipo palepale, za kijivu. Nazihesabu kila nikifika, na hesabu haichukui muda. Zimebaki siku kumi. Mwakani nitakuwa nimepita umri. Ni mara hii au basi.

Jumatano, 8 Oktoba
Ami Shee alikuja kula mchana, akanicheka. "Nchi ndogo hii, meli zenyewe za kuhesabika. Wakija wakubwa mutawarushia madafu?" Wote wakacheka, hata mama. Mimi sikucheka. Jibu nililipata baadaye nikiosha sahani. Nchi kubwa inaweza kufuga wazembe. Yetu haiwezi. Bahari ni ndefu, meli ni chache, basi kila aliyemo ndani lazima awe mtu wa maana. Nataka kuwa huyo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Hina ya dada Rukia, anaolewa kesho. Mchoraji ni mama mwenyewe, mtaa mzima wamjua kwa kazi hiyo. Alimmaliza bi harusi, akaniita mimi. Nikakataa. Siku ya usajili mwenye tatuu hurudishwa nyumbani, na piko, rangi nyeusi ya harusi inayofutika baada ya siku, mtu wa bara ataijulia wapi?

"Dada wa bi harusi mikono mitupu!" mama akasema. "Watu wasema mwanangu aionea haya kazi yangu."

Rukia akaanza kulia. Nikatoa miguu. Nyayo tu, nani ataziona? Mama alinichora maua bila kuniangalia usoni. Nimejikasirikia mpaka sasa.

Jumapili, 12 Oktoba
Harusi imekwisha. Ilipendeza. Wanawake walinitazama mikono, kisha wakamtazama mama. Tangu Ijumaa hasemi nami. Salamu aitika, chakula aniwekea, basi. Inaniuma kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 14 Oktoba
Mpumbavu mimi. Jirani aliyejaribu mwaka jana ameniambia: daktari huinua nyayo za kila mtu, kutazama kama ni bapa, hazina uvungu katikati. Limau. Jiwe la kusugulia. Sabuni ya unga. Piko haikutikisika. Kisigino kimechubuka. Nitakwenda vivyo hivyo. Wakinirudisha, wanirudishe wao. Sijirudishi mwenyewe.

Alhamisi, 16 Oktoba
Niandike yote nisije nikasahau.

Mbio kwanza. Uwanja wa changarawe, jua kali. Kisigino kilitoka damu. Nilifika wa tatu kati ya wasichana. Kisha meno, kimo, uzito. Kisha miguu. Daktari, mtu wa bara, aliinua unyayo wangu wa kulia akasema, "Tatuu. Kaa kando." Nikamwambia ni piko, ya harusi, kazi ya mama yangu. Akaita mwingine.

Nilisimama kando. Sikuondoka. Niliambiwa mara mbili niende nyumbani nikasema ndiyo afande, nikabaki palepale. Foleni ilipokwisha akaja afande wa kike, mtu mzima, akaniuliza nasubiri nini. Nikamwonyesha unyayo. Aliutazama sana, akamwita daktari. Pembeni na kisiginoni maua yalikuwa yameliwa na changarawe. "Tatuu haifutwi na mbio," afande akasema. Katikati, pale unyayo usipogusa chini, maua yalikuwa mazima. Akamwonyesha daktari, "Na unyayo si bapa. Umechorewa kabisa uone."

Daktari akacheka. Mimi nikalia, mbele ya watu wote. Barua ya kujiunga ninayo. Naripoti Jumatatu.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimepanga begi. Mama nilimwambia habari zote siku ileile, akasikiliza akiwa amenipa mgongo. Leo asubuhi nilisema tu kwamba tukifika kambini tutanyolewa nywele. Akaingia chumbani, akatoka na mkasi, wembe na kiti kifupi.

"Mimi mzima, mwanangu anyolewe na watu baki? Keti."

Nikaketi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kama anapochora. Alipomaliza alinifuta shingo kwa kanga yake, akaniinua mguu, akautazama unyayo, akaushusha taratibu.

Ua moja bado lipo. Sijalisugua.